Alto wa Mstari wa Pili

Kuna aibu ambayo mtu huipata, akalala, akaamka, ikawa imepungua, na kuna hii yangu, ambayo mpaka leo nikiona mtu wa kwaya pale steji ya matatu Kangemi natoa simu na kujifanya naisoma (mara nyingi hata chaji haina). Mueni, binti yangu, anasema watu walishasahau. Lakini Mueni ni mtoto wangu na ana huruma, kwa hiyo nimeona niisimulie mwenyewe, mcheke nikiwa hapa nikiwaona, kabla hamjaletewa na mtu ambaye siku hiyo hakuwepo na ameitia chumvi. Ingawa kusema kweli haihitaji chumvi.

Kwanza mjue nilikuwa nafanya kazi gani, maana bila hiyo hamtaelewa kiburi changu kilitoka wapi. Kabla ya kustaafu nilikuwa mtu wa maji, na kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Bomba likipasuka chini ya lami huwezi kuliona, kwa hiyo unakuja na fimbo ndefu ya chuma, unaisimamisha barabarani, unaweka sikio kwenye ncha ya juu, unafunga macho watu wakikushangaa, na mwenye sikio zuri anasikia maji yakivuja huko chini na anasema chimbeni hapa. Mimi nilikuwa na sikio zuri. Nimesema chimbeni hapa kutoka Muthangari mpaka Satellite na nilikosea mara moja tu, tukachimba shimo mbele ya lango la kanisa na bibi harusi yuko njiani (hiyo tuiache). Mtu aliyelipwa mshahara maisha yake yote kwa ajili ya masikio hazoei kubishiwa kuhusu kitu alichokisikia.

Sasa, Mwende. Mke wangu Mwende alifariki miaka saba iliyopita, figo, na tukampeleka nyumbani Mbooni tukamzika na pete yake kidoleni kwa sababu mimi ndiye nilikataa itolewe. Mtu akienda anaacha vitu vingi kuliko unavyofikiri, nguo, picha, miwani, deni la kiti cha plastiki alichoazima jirani, lakini sauti haachi. Mwende alitumia simu ya vifungo mpaka mwisho. Hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti hata mmoja, alisema kuongea na kitu ambacho hakikujibu ni dalili ya ugonjwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikijitahidi naweza kumsikia kichwani akiniita kutoka jikoni, mwaka wa pili nikawa nasikia maneno bila sauti, na siku nilipogundua hivyo nilikaa kwenye kitanda na kiatu kimoja mguuni mpaka Mueni akanipigia simu kuuliza kama nimekula.

Ndipo nikaikuta kaseti. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi za kushonea, imeandikwa kwa mkono wake, Kwaya Zoezi, na ndani yake kuna wimbo mmoja tu wa beti nne, kwaya ya kanisa letu walipokuwa wakijiandaa kwa mashindano, Mueni akiwa bado shule ya msingi. Mimi sikuwahi kwenda kwenye mazoezi hayo hata siku moja, mabomba hayajui Jumapili. Nikaiweka kwenye redio ya jikoni. Watu kama ishirini wanaimba kwa pamoja, sauti hazitengani, vumbi tupu, na katikati ya hilo vumbi, upande wa kulia, nikasikia mwanamke mmoja ambaye akifika neno la mwisho la mstari anashuka kidogo halafu anapanda tena polepole, kama mtu anayerudi kuchukua kitu alichosahau. Nikasema huyo ni Mwende. Sikujiuliza mara mbili. Nililia nikiwa nimeshika mlango wa friji.

Wazimu wangu wote ulianza hapo, na ulianza kwa sababu redio ile ilimtoa kana kwamba yuko ndani ya debe. Nikatafuta deki ya kaseti ya maana. Halafu deki ikahitaji spika, nikapata za familia moja ya kigeni iliyokuwa ikihama Muthangari na kuuza kila kitu mpaka mapazia, spika zinazonifika kiunoni, mbao nzito, watu wawili kuinua moja. Spika zikahitaji amplifaya, na Fundi Wafula, mzee mwenzangu mwenye duka ghorofa ya pili pale barabara ya Luthuli mjini, akaniambia kwa sauti ya mwanadamu hakuna kama amplifaya ya taa, zile za zamani ambazo ukiziwasha zinachukua muda kupata moto, akanitengenezea moja kwa miezi minne. Kisha waya. Msinikumbushe habari ya waya. Nilipachika trei za mayai ukutani nyuma ya pazia, nikahamisha makochi, nikatoa meza ya kioo kwa sababu ilikuwa inarudisha mwangwi, ingawa Mwende aliipenda (alinisamehe, nilimuuliza). Deki yenyewe niliikalisha juu ya kipande cha jiwe ili isitikisike, na jiwe hilo ni kipande kilichobaki walipokata lile la kaburi lake, mchongaji alinipa bure, akidhani nitalitumia kusagia viungo.

Na kila nilipobadilisha kitu, alisogea. Kwa redio ya jikoni alikuwa nje ya nyumba. Kwa spika za Muthangari aliingia akasimama mlangoni. Amplifaya ya taa ilipofika alikaa. Kulikuwa na kiti kimoja, kile cha mikono, nilichokiweka mahali ambapo sauti za spika mbili zinakutana, nikabandika utepe wa gundi sakafuni pale miguu ya kiti inapokaa ili mtu akifagia asikisogeze, na Jumapili baada ya chakula cha mchana nilikuwa nakaa hapo, nafunga macho, na yeye yuko pale, mstari wa pili wa waimbaji, upande wa kulia, akishuka na kupanda. Najua mnaniangalia vipi. Lakini mtu mwenye kiu hawezi kuelezea maji kwa mtu aliyeshiba.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaniudhi. Kulikuwa na kelele. Kabla ya mistari fulani kulikuwa na mlio mdogo mkavu, tik, tik, halafu watu wa alto, wale wanawake wa sauti ya chini, wanaingia. Kwa redio ya jikoni ulikuwa hausikiki, lakini kadiri mashine zilivyokuwa nzuri ndivyo na wenyewe ulivyokua, mpaka ukawa karibu nami kuliko kwaya yote, nikawa nakaa pale nikimngoja mke wangu na badala yake nangoja ile tik. Nikampelekea Wafula deki. Akabadilisha ukanda. Akabadilisha mota. Akasafisha kichwa. Nikarudi nayo tena na tena mpaka siku moja akavua miwani.

"Musyoka," akaniambia, "hii si mashine. Kelele ya mashine haijui wimbo. Hii inajua. Inakuja mahali pake, inaenda. Hata ubeti wa tatu inapumzika. Umewahi ona ukanda mbovu unapumzika?"

"Itoe," nikasema.

"Nakuambia tu, hii iko ndani ya kaseti."

"Basi itoe ndani ya kaseti."

Akaniangalia, akasema sawa, kaseti ni yako. Akaingiza wimbo kwenye kompyuta, na pale kwenye kioo tik zote zilionekana zimesimama kama miiba, akaanza kuzing'oa moja moja, na mimi nimekaa nyuma yake namwonyesha kwa kidole, ile pale, na ile. Tulimaliza mchana mmoja. Nikaondoka na wimbo safi kwenye kidude kidogo cha mfukoni, na kaseti nikaiacha juu ya meza yake. Sikuwa na haja nayo tena. Jumapili ile nilimsikia alto wangu bila mtu yeyote kati yetu, na niliona nimemaliza kazi.

Basi, Jumamosi ya mkasa. Mueni alipanga maombi ya kumkumbuka mama yake, miaka saba, saa nane mchana, nyumbani kwangu Mountain View. Alikuja asubuhi kutoka Satellite na sufuria tatu za pilau, akanikuta natoa vumbi spika.

"Baba, si leo," akasema.

"Sijasema kitu."

"Umevaa hiyo shati. Watu wanakuja kuomba, wakule, waende. Tafadhali."

Nikamwahidi. Watu wa kwaya walikuja wengi, wale wa zamani, na Mzee Karanja, ambaye ni mzee wa kanisa na mwenye nyumba za kupangisha nusu ya mtaa, mtu mpole asiyeongea mpaka afikirie, na mkewe Mama Njeri, ambaye anaimba kwaya mpaka leo. Maombi yakawa mazuri. Pilau ikawa nzuri. Chai ikazunguka, watu wakaanza kuangalia saa, na kama ningebaki nimekaa na kikombe changu mambo yangeishia hapo, kila mtu angeenda kwake na mimi ningekuwa mtu anayesalimia watu stejini. Badala yake nilisimama. Sijui nini kilinisimamisha. Nadhani ni vile Mama mmoja alisema, tumemkosa sana Mwende, na mimi nikawaza, nyinyi mmemkosa, mimi niko naye hapa.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina," wakajibu, wakakaa tena.

"Ngojeni kidogo. Mwende ako na neno kwenu."

Mueni alikuwa mlangoni mwa jikoni na trei. Aliiweka chini.

Nikavuta mapazia saa tisa ya mchana. Nikawasha amplifaya, nikawaambia tungoje taa zipate moto, na wakati zinapata moto nikatoa ushuhuda, kama mnavyojua mtu wa kanisa akipewa nafasi na watu wametulia, nikaeleza spika zilitoka wapi na jiwe lilitoka wapi (hapo mama mmoja alijikuna shingo), na kwa heshima nikamshika mkono Mzee Karanja nikamtoa kwenye kochi nikamkalisha kwenye kile kiti. Mzee wa kanisa, ndiye anastahili. Kiti ni cha chini na yeye ana magoti mabaya, kwa hiyo akishakaa hapo amekaa.

Wimbo ukaanza, na niwaambie ukweli, haujawahi kutoka vizuri kama siku hiyo. Watu waliacha vikombe. Kuna wengine kwenye ile kaseti walishafariki, na mtu anamsikia dada yake pale, anamsikia jirani, nikaona mama wawili wameshikana mikono. Mstari wa kwanza ulipofika mwisho nikainua kidole.

"Huyo," nikasema. "Mstari wa pili, kulia. Sikieni anavyoshuka. Huyo ndiye mke wangu."

Mama Njeri aliweka kikombe chake chini kwa uangalifu sana. Mimi nikachukulia ni kuguswa, nikaendelea, na haya ndiyo maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nikiwa nanyoa lazima nisimame kwanza. Nilisema, kila Jumapili nakaa kwenye hicho kiti, mimi na yeye tu. Nilisema, akishuka pale mwisho wa mstari, mwili wote unalegea. Nilisema, miaka mitano sauti hii ndiyo imenishika, na akipumua namsikia, na wakati mwingine namjibu. Nikamgeukia Mzee Karanja, nikamwambia, mzee, funga macho utamsikia yuko hapa kifuani.

"Baba Mueni," Mama Njeri akasema kwa sauti ndogo, "si tufunge na maombi. Watu wako na safari."

"Ngoja ubeti wa pili, Mama Njeri, ndiyo anaimba kabisa." Nikaongeza sauti.

Mzee Karanja alikuwa amefunga macho kweli, kama nilivyomwambia. Akayafungua.

"Musyoka," akasema, "hebu zima kidogo."

Nikapunguza. Sikuzima.

"Huyu ni Mama Njeri."

Sasa mtu mwenye akili angecheka, angesema labda, angegawa chai tena. Mimi nilifanya nini? Nilibishana. Na mzee wa kanisa, nyumbani kwangu, siku ya maombi ya mke wangu, mbele ya kwaya nzima, kuhusu sauti ya mke wake.

"Mzee," nikamwambia, "hiyo spika ya kushoto labda hujaizoea. Mimi nimefanya kazi ya masikio. Sauti hii nimeisikiliza miaka mitano."

Akafikiria, kama kawaida yake.

"Mimi hiyo sauti imeniita chakula miaka thelathini na nne," akasema.

Mtu mmoja huko nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mueni akasema, "Baba, wacha," na mimi nikasikia damu imenipanda masikioni, nikasema neno ambalo lilinimaliza kabisa. Nikasema, "Basi aimbe."

Mama Njeri alimwangalia mume wake, akaniangalia mimi, na nadhani aliona ya kwamba sitaacha. Akajifunga leso yake vizuri, akasimama pale kati ya kochi na meza ya pilau, na akaimba mstari wa kwanza peke yake, bila mashine, mwanamke wa miaka sitini na kitu, na neno la mwisho lilipofika akashuka kidogo halafu akapanda tena polepole.

Hakuna trei za mayai zingeweza kunisaidia hapo. Mtu akasema "Amina" kwa mazoea. Mzee Karanja alikuwa bado kwenye kile kiti, ananiangalia kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko hasira, anataka kuinuka na magoti yanakataa, mpaka watu wawili wakaja kumvuta. Mimi nikaokota vikombe. Nilikuwa na vikombe vitano mkononi na vingine vilikuwa na chai ndani na mwenyewe bado anakunywa, nikavipeleka jikoni, nikafungua bomba, nikasimama naangalia maji. Miaka mitano. Nilikuwa nimemlilia mke wa mtu kwa miaka mitano. Lakini sitawadanganya, aibu haikuwa ndiyo iliyoniumiza pale kwenye sinki. Kilichoniumiza ni kwamba Mwende alikuwa amekufa tena, na safari hii hakuacha hata kaseti.

Mama Njeri aliingia na rundo la sahani, kama wanawake wanavyoingia jikoni ya mtu bila kuuliza. Akaanza kuosha.

"Usiogope Karanja," akasema. "Hajakasirika. Anashangaa tu."

"Mama Njeri, nisamehe. Mimi sijui nitaenda wapi."

"Uende wapi na hii ni nyumba yako." Akasuuza sahani. "Siku hiyo Mwende hakuimba, Baba Mueni. Alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa, hata salamu hawezi. Alitaka kurudi nyumbani. Sasa mwalimu akamwambia, wewe shika redio urekodi. Akakaa hapo bench ya mbele, redio kwa magoti."

"Kwa hiyo hayuko."

"Hayuko aje? Si unajua sisi watu wa alto tulikuwa tunachelewa kuingia, kila mara, mwalimu anatuchapia kelele. Basi Mwende akawa anatugongea. Na pete, hapo juu ya redio. Mara mbili, tunaingia." Akagonga ukingo wa sinki kwa kijiko, tik, tik. "Kwani hiyo hausikii kwa hizo mashine zako?"

Mimi nilikaa kwenye gunia la viazi.

Maana pete hiyo naijua. Mwende alikuwa anagonga kila kitu na pete. Aligonga kikombe kuniambia chai iko tayari, aligonga mlango wa bafu nikichelewa, kanisani nikisinzia alinigonga hapa kwenye mfupa wa bega, mara mbili, tik, tik, bila kunitazama. Hakuna sauti duniani niliyoijua zaidi ya hiyo. Na nilikuwa nimeisikia miaka yote hiyo, ikisogea karibu kila nilipobadilisha waya, ikinigonga sikioni, na mimi nikamlipa mtu akaing'oa, nikimwonyesha kwa kidole isibaki hata moja.

Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu duka la Wafula lilipofunguliwa nilikuwa nimeshasimama ngazini.

"Ile kaseti," nikamwambia.

"Kaseti gani?"

"Ya kwaya. Niliiacha hapa juu ya meza."

Akaangalia meza, ambayo ilikuwa na redio nne zimefunguliwa matumbo, akaniangalia. "Mimi situpi kitu ya mtu," akasema, "lakini siwezi kukudanganya ati najua iko wapi."

Akatoa katoni. Akatoa nyingine. Tukakaa chini wazee wawili kwenye sakafu ya duka tukipekua kaseti, mahubiri, harusi za watu, kaseti zilizotoa utumbo, nyingine zimeshikana kwa gundi, na kila niliyoshika haikuwa yenyewe. Hata kwenye katoni ya tatu hatukuipata. Halafu Wafula akainama chini ya meza ya kuchomelea, akatoa kaseti iliyokuwa imewekwa chini ya mguu wa meza ili isiyumbe, akaipangusa kwenye suruali. Kwaya Zoezi. Mkono wa Mwende, na alama ya mguu wa meza juu yake.

"Pole," akasema. "Ilikuwa na kimo kizuri."

Deki ya maana hakuwa nayo siku hiyo. Akaichomeka kwenye redio kaseti moja ya mteja, spika moja imepasuka karatasi, na huko chini Luthuli si mnaijua, kila duka limetoa spika zake nje na kila moja linapiga wimbo wake kushinda jirani, na kuna mtu na kipaza sauti anauza chaja. Nikaweka sikio pale kwenye karatasi iliyopasuka, nikafunga macho, nikashika meza kama nilivyokuwa nashika ile fimbo. Kwaya ikaanza, vumbi tupu. Kisha tik, tik. Watu wa alto wakaingia.

"Hapa," nikasema. Nilisema kwa nguvu, kwa mazoea ya kazi. "Hapa."

Wafula alikuwa na adabu ya kuangalia dirishani. Baadaye kidogo akasema, "Nilikwambia inajua wimbo," na mimi nikamwambia ndiyo, uliniambia.

Ilinichukua wiki tatu kurudi kanisani, na nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikiomba kwaya isiimbe (iliimba, na mwisho wa kila mstari nilikuwa naangalia viatu). Nilipotoka nikamkuta Mzee Karanja ananingoja kando ya gari. Nikajua ndiyo hiyo. Akanisalimia, akauliza magoti yangu, nikauliza yake.

"Musyoka," akasema mwishowe, "ile uliyotupigia, ile imesafishwa. Unaweza kunitolea nakala?"

"Mzee?"

"Mimi namsikia kila siku. Lakini vile nilimsikia siku ile, nikiwa kwa hicho kiti..." Akafikiria. "Sikuwa najua anaimba hivyo."

Nikampelekea kile kidude siku iliyofuata, na sikubakisha nakala. Si yangu. Nimeapa pia mambo mengine, Mueni ni shahidi. Nimeapa sitamkalisha mgeni kwenye kile kiti, nimeapa kwamba mbele ya watu nitasema kuhusu mashine pekee na si kuhusu mwili kulegea, na mtu akiniambia hiyo ni sauti ya mke wake nitamwambia asante na kumwongeza chai.

Kaseti iko juu ya jiwe lake tena. Jumapili baada ya chakula naiweka, nakaa, na simsikilizi alto yeyote, nangoja. Ubeti wa kwanza anagonga, mara mbili, kavu, karibu sana. Ubeti wa pili anagonga. Wa nne anagonga. Ubeti wa tatu hagongi, na watu wa alto wanachelewa kuingia, wanaingia vibaya, na kwa kuwa spika ni nzuri unasikia kabisa wanavyotafutana. Sijui alikuwa anafanya nini hapo. Pengine alikuwa anapenga kamasi. Pengine alinyoosha mkono tu, umechoka. Mama Njeri nimemuuliza, hakumbuki. Ningetoa spika zote mbili na amplifaya juu yake, mtu aniambie.